Gothic ya Paradise Lost: nilichokipata baada ya miezi mitatu

Napiga gitaa la solo katika bendi ndogo ya dansi, na kwa miaka mingi niliamini kazi ya solo ni moja tu: subiri wimbo uchemke, kisha ingia uwainue watu vitini. Albamu ya Gothic imenivuruga imani hiyo. Nimeisikiliza karibu kila usiku kwa miezi mitatu, kwa hedifoni na kwa spika kubwa, na baadhi ya nyimbo nimezifuata kwa gitaa langu mwenyewe.

Kwa asiyewajua, Paradise Lost ni bendi ya Uingereza iliyoundwa mwaka 1988 huko Halifax, mji wa viwanda vya nguo katika West Yorkshire. Hii ni albamu yao ya pili, ilitoka mwaka 1991 kupitia lebo ya Peaceville, na ndiyo iliyoupa jina mtindo mzima wa metali ya gothiki, tawi la roki nzito: uzito na mwendo wa pole wa doom, mngurumo wa death metal (matawi mengine ya roki hiyo), na juu yake huzuni ya aina nyingine kabisa. Huzuni hiyo haikutoka mbali. Leeds, walikotoka The Sisters of Mercy, bendi ya roki ya gothiki, ni jirani tu na Halifax.

Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, ndio ulioninasa. Chini kuna gitaa la ridhimu la Aaron Aedy, zito, linajikokota kama kinu kinachoburutwa sakafuni. Juu yake Gregor Mackintosh anapiga solo. Anaanza nayo mapema na haiachi. Sisi kwenye sebene noti humiminika. Yeye anachukua chache, anaivuta kila moja mpaka itetemeke, kisha anairudia tena na tena. Nilipojaribu kuupiga, vidole viliupata ndani ya dakika kumi. Uzito wake ulinichukua wiki mbili. Siri iko katika kuuvuta uzi taratibu na kuchelewa kuuachia, na mkono uliozoea mwendo wa dansi haupendi kuchelewa.

Ndiyo nguvu kubwa ya albamu hii. Mwimbaji wao, Nick Holmes, hapa hajaanza kuimba kwa sauti laini. Ananguruma tangu mwanzo hadi mwisho, na mngurumo hauna sauti ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo kilio chenyewe amepewa mpiga solo. Ukiondoa gitaa la Mackintosh katika wimbo wa Eternal, kinachobaki ni hasira. Ukilirudisha, unasikia mtu aliyefiwa.

Kuna pia sauti ya mwanamke, Sarah Marrion, na hapa ndipo lawama yangu ya kwanza ilipo. Anapoingia, wimbo unafunguka kama dirisha: sauti safi, ya juu, kando ya mngurumo wa Holmes. Leo bendi nyingi za mtindo huu zina mwimbaji wa kike na wa kiume wanaopokezana, lakini mwaka 1991 jambo hilo lilikuwa geni. Basi mbona wamempa nafasi finyu hivyo? Anatokea katika nyimbo chache, mistari michache, kisha anapotea. Kila ninapofika nusu ya pili ya albamu huwa namsubiri.

Lawama ya pili ni kurekodi. Kazi ilifanyika katika studio ya Academy, mjini Dewsbury, na ngoma za Matthew Archer zimetoka nyembamba, kana kwamba zinapigwa chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Muziki mzito kiasi hiki unahitaji teke la dramu linalogonga kifuani. Sehemu za okestra nazo zina harufu ya kinanda cha umeme. Ndani ya Eternal zinapendeza kwa sababu magitaa yanazifunika, ila zikiachwa peke yake zinapwaya. Kwa spika kubwa kasoro hizi zinajitokeza zaidi. Kwa hedifoni, usiku, taa zikiwa zimezimwa, sikuzijali sana.

Katikati pia panalegea. Albamu nzima haifiki dakika arobaini, ina nyimbo kumi, lakini zipo mbili tatu ambazo mpaka leo nachanganya ipi ni ipi. Desolate, ya kufungia, ni wazo zuri lililokatwa kabla halijaiva: chini ya dakika mbili, imekwisha.

Kama mngurumo unakushinda, usianzie hapa. Anza na Draconian Times ya mwaka 1995, ambako Holmes anaimba kwa sauti ya kawaida, kisha urudi nyuma. Na kama ulikulia kwenye taarabu na unapenda fidla inayolalama, watafute majirani zao wa Bradford, My Dying Bride, hasa Turn Loose the Swans ya mwaka 1993. Mule fidla ya Martin Powell ni ya kweli, si kinanda. Kwa urekodi, ile ya My Dying Bride naiona bora. Kwa gitaa, narudi kwa Gothic.

Wiki iliyopita tulikuwa mazoezini na wimbo wetu mmoja wa taratibu, wa mtu aliyeachwa. Ilipofika zamu yangu sikumimina noti. Nilipiga nne tu, nikazivuta, nikazirudia. Mwimbaji wetu aligeuka kunitazama, akauacha ubeti wake upite bila kuuimba.