Kuhamia Chattanooga na familia: huduma zinazofaa na zinazoangusha

Chattanooga iko kusini-mashariki mwa Tennessee, pale mto Tennessee unapojikunja chini ya Lookout Mountain. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 181,099, idadi ndogo kwa vipimo vya Marekani, lakini jiji lina kiwanda cha Volkswagen kilichoanza kazi 2011, hospitali ya watoto ya Erlanger na maghala yanayoajiri watu wa zamu. Familia za Wakongo na Warundi zimepokewa hapa kupitia Bridge Refugee Services, shirika la kupokea wakimbizi, na wengine wanahamia wenyewe kutoka majimbo mengine. Tathmini hii inahusu huduma anazokutana nazo mwenye watoto katika miezi ya kwanza. Umeme na intaneti ni bora kuliko katika majiji mengi makubwa. Shule zinafaa, mradi ujue makaratasi yake. Usafiri wa umma ndio unaoangusha, na ndiyo maana uamuzi wa wapi upange nyumba unabeba kila kitu kingine.

Mabasi ya jiji ni ya CARTA. Njia ni chache, na ile ya kutegemewa ni namba 4, inayotoka katikati ya mji, kupita Brainerd hadi maduka ya Hamilton Place. Kibasi cha umeme cha bure kinachozunguka katikati ya mji tangu 1992 ni kizuri, ila kinamsaidia zaidi mtalii kuliko mfanyakazi. Anayetoka zamu usiku wa manane hatakuta basi. Familia isiyo na gari itafute nyumba ambayo kituo cha namba 4 unakifikia kwa miguu, hata kama kodi ni kubwa kidogo kuliko kwingine. Ukipanga mbali ukitegemea lifti ya mfanyakazi mwenzako, siku akihama zamu kazi yako iko hatarini.

Mwenye gari ana uwanja mpana: East Brainerd, Hixson, Red Bank, East Ridge. Hapo adui ni mteremko. Picha za tangazo zinaonyesha jiko na vyumba, hazionyeshi njia ya kuingilia iliyosimama kama ngazi. Barafu ikishika, gari halipandi, na ukiegesha chini barabarani unapanda na mifuko na mtoto mgongoni. Nenda kaione nyumba baada ya mvua. Nyumba nyingi za zamani zimeinuliwa, zina uwazi chini ya sakafu. Omba mlango wake mdogo ufunguliwe na umulike kwa tochi ya simu. Udongo ukiwa umefunikwa karatasi nzito ya nailoni na pakavu, sawa. Ukiona maji yametuama, mbao zimeota weupe weupe na harufu ya uvundo inapanda, achana nayo, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu. Bonde hili lina unyevu mwingi na chavua ya masika tayari inasumbua vifua.

Kwa maeneo yaliyo karibu na kijito cha South Chickamauga, ingiza anwani kwenye ramani ya mafuriko ya FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, kabla ya kulipa chochote. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi mafuriko. Ile ya mpango wa serikali hununuliwa peke yake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo kuikimbilia mvua ikishaanza hakusaidii.

Kuna mtego wa Rossville na Fort Oglethorpe. Ni dakika chache tu kutoka mjini, kodi ya nyumba mara nyingine ni nafuu, lakini hapo umeshavuka mpaka na kuingia Georgia. Tennessee haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, Georgia inatoza, na mkazi wa Georgia analipa hata kama kazi yake iko Tennessee. Mtoto wako pia atakuwa katika shule za Georgia, na nitaeleza mwishoni kwa nini hilo lina uzito.

Kwenye mkataba, ofisi nyingi za apatimenti zinataka mapato mara tatu ya kodi, na kila mtu mzima analipa ada ya maombi ambayo hairudi ukikataliwa. Uliza masharti yao kabla ya kutoa ada, la sivyo utapoteza fedha sehemu nne tofauti. Sheria ya jimbo inayotumika kaunti ya Hamilton inampa mpangaji siku tano za nyongeza kabla ya faini ya kuchelewa, na faini isizidi asilimia 10 ya kilichochelewa. Kwa kodi ya dola 1,200, mwisho ni dola 120. Soma pia kifungu cha maji: majengo mengi hugawa bili moja ya maji kwa wapangaji wote, na hiyo huja juu ya kodi.

Siku ya kuhama, wanaotoka Nashville kwa lori la kukodi wana kama kilomita 210 za barabara ya I-24, na katikati kuna mlima Monteagle. Ukishuka upande wa Chattanooga, weka gia ndogo tangu juu, usishuke huku mguu umeganda kwenye breki. Breki za lori lililosheheni zikipata moto hupoteza nguvu, na dalili ya kwanza ni harufu ya kuungua. Njia za mchanga za kusimamishia malori yaliyokatika breki hazikuwekwa pale kwa mapambo. Halafu saa: Nashville iko nyuma kwa saa moja. Ofisi ya apatimenti ikifunga saa kumi na moja jioni ya Chattanooga, kwenye saa uliyotoka nayo ni saa kumi. Wengi hufika na lori limejaa, watoto wamechoka, na funguo zimefungiwa ofisini hadi kesho yake.

Sasa EPB, huduma ninayoipa alama za juu kabisa. Ni shirika la umma lililoanzishwa 1935, linasambaza umeme wa TVA, shirika la serikali kuu linalouzalisha. Mwaka 2010 lilianza kuuza intaneti ya gigabiti moja kwa sekunde katika eneo lake lote, la kwanza kufanya hivyo Marekani, wakati kampuni kubwa zilikuwa zikisema hakuna anayeihitaji. Kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua, na hakuna kikomo cha matumizi. Kwa familia inayopiga simu za video Bukavu au Bujumbura kila jioni huku watoto wakifanya kazi za shule, tofauti inaonekana siku ya kwanza. Nyaya hizohizo zinaendesha swichi zaidi ya elfu moja kwenye mtandao wa umeme: mti ukiangukia waya, swichi zinatenga kipande kilichoumia na wengine wanarudishiwa umeme bila kumsubiri fundi. Fungua akaunti kabla ya kuhama. Asiye na historia ya mkopo anaweza kudaiwa dipoziti, iweke kwenye bajeti. Na uulize apatimenti kama jengo halijafungwa na kampuni nyingine ya intaneti, maana hapo utakosa huduma hii ukiwa katikati ya mji.

Wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, wanaostahili chakula cha shule cha bure au cha punguzo, wana intaneti ya bure nyumbani kupitia HCS EdConnect, mpango wa shule za kaunti na EPB ulioanza 2020. Uombe wiki ileile mtoto anapoandikishwa.

Bili ya umeme ikipanda ghafla Januari, kagua kwanza thamostati, kile kidhibiti joto cha ukutani. Nyumba nyingi hapa zinapashwa moto na mashine ileile inayopoza kiangazi: inavuta joto la nje na kuliingiza ndani, na hilo halili umeme mwingi. Kwenye thamostati kuna sehemu iliyoandikwa EM HEAT. Ukiiweka hapo, mashine ya nje inazimwa na joto lote linatoka kwenye koili, kama vile umewasha majiko ya umeme usiku kucha. Watu huibonyeza siku ya baridi kali wakidhani inaongeza nguvu, kisha wanaisahau mwezi mzima. Iache kwenye HEAT, kwenye nyuzi zilezile mchana na usiku. Mashine ya nje ikitoa mvuke asubuhi ya baridi, haijashika moto, inayeyusha barafu yake yenyewe. Chomoa filta kila mwezi uitazame. Ikiwa ya kijivu, badilisha. Kipimo kimechapishwa ukingoni, mfano 16x25x1, na mshale uelekee upande hewa inakokwenda, yaani kwenye mashine.

Leseni ya udereva ya jimbo jingine ibadilishe ndani ya siku 30, ukiwa na vithibitisho viwili vya makazi. Kiswahili hakimo kwenye lugha za mtihani wa nadharia, kwa hiyo mzazi anayeanza upya ajiandae kwa Kiingereza. Kodi ya mauzo ni asilimia 9.25, na kwa chakula cha dukani 6.25: manunuzi ya chakula ya dola 200 yanaongeza 12.50.

Vimbunga havichekeshi. Usiku wa 12 Aprili 2020 kimbunga cha daraja EF3 kilipiga East Brainerd watu wengi wakiwa wamelala. Simu za nyumba nzima ziachwe na sauti ya tahadhari, na watoto wajue pa kukimbilia: bafu la ndani lisilo na dirisha, chini kabisa ya nyumba.

Shule inategemea anwani. Kagua anwani kwenye ukurasa wa kanda za shule za kaunti ya Hamilton kabla ya kutia saini mkataba. Mtoto wa chekechea awe ametimiza miaka 5 kufikia 15 Agosti, na masomo huanza mwanzoni mwa mwezi huo, mapema kuliko majimbo mengi. Kinachokwamisha watu ni cheti cha chanjo. Kadi ya jimbo jingine au karatasi za IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hata zikiwa kamili, hazipokelewi peke yake. Zipeleke idara ya afya ya kaunti au kliniki wazihamishie kwenye fomu rasmi ya Tennessee. Kwa chekechea, dozi inayokosekana mara nyingi ni ya hepatitisi A, kwa kuwa zinatakiwa mbili na zinapishana miezi sita. Ukishapata ya kwanza, omba cheti cha muda chenye tarehe ya mwisho, mtoto aanze shule akisubiri ya pili.

Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani andika Kiswahili, au Kirundi, au lugha mnayoongea kweli. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakiogopa mtoto atarudishwa darasa. Harudishwi, anapimwa na kupewa mwalimu wa ziada, na ukificha anakosa. Mkalimani wa mikutano ya shule ni haki ya mzazi bila malipo. Usimtumie mtoto kutafsiri habari zake mwenyewe.

Kwa mwenye kijana wa sekondari, Tennessee Promise ndiyo sababu ya kubaki upande huu wa mpaka. Tangu 2015 inalipa ada iliyobaki baada ya misaada mingine katika vyuo vya jamii, kikiwemo Chattanooga State, kwa mkazi aliyemaliza sekondari Tennessee. Raia, wenye kadi ya kijani na wakimbizi wote wanastahili. Vitabu haigusi. Akiingia darasa la 12 Agosti, maombi yafike kabla ya 1 Novemba, fomu ya FAFSA, ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, ifuate, kisha mkutano wa lazima na saa 8 za kazi ya kujitolea kabla ya kila muhula. Anayekosa mkutano mmoja anaondolewa kwenye orodha, kwa hiyo tarehe hizo ziandikwe kwenye kalenda ya jikoni, zisiachwe kwenye barua pepe ya kijana.