Kupandikizwa Nywele Mikocheni: Mkono Mzuri, Ankara Mbaya

Miezi 13 imepita tangu kliniki moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliponihamishia nywele kutoka kisogoni hadi kwenye paji, asubuhi nikilala kifudifudi na mchana chali. Sikuandika mapema kwa kuwa nywele zilizopandikizwa hudondoka karibu zote katika wiki za mwanzo, zikaanza kuota upya mnamo mwezi wa 3 au wa 4, na kumhukumu daktari kabla ya mwaka ni kumwonea.

Daktari hakuanza na bei. Alitoboa kwanza vitundu vichache vya majaribio, kwa sababu nywele zetu za kipilipili zimepinda hata ndani ya ngozi, na kifaa kinachoshuka wima hulikata shina kabla ya kulitoa. Akaniuliza pia kama makovu yangu huvimba. Mwenye keloidi, yaani makovu yanayovimba hivyo, alisema, heri abaki na kipara chake.

Nilikuwa na hofu ya vichwa vya zamani. Norman Orentreich, daktari wa ngozi aliyeanza kazi hii New York mwaka 1952, alihamisha vipande vya ngozi vyenye upana wa milimita 4 hivi, na nywele zikaota kwa mafungu kama miche ya mpunga. Hata hivyo, kanuni aliyoithibitisha ndiyo inayotumika mpaka leo: unywele wa kisogoni haupotezi tabia yake ya kuendelea kuota popote unapohamishiwa. Baadaye madaktari walikata ukanda mzima wa ngozi, wakaugawa kwa hadubini katika vipandikizi vidogo vya nywele 1 hadi 4, kama zinavyoota zenyewe, ila mgonjwa alibaki na kovu refu. Njia niliyofanyiwa mimi, ya kuchomoa kipandikizi kimoja kimoja, ilielezwa na William Rassman na wenzake mwaka 2002, na kisogoni kwangu kinyozi haoni ila vidoa vidogo.

Paji limejaa vizuri. Utosi daktari alikataa kuugusa, kwa hoja kwamba shina likishachomolewa kisogoni halioti tena na akiba ile inaweza kuhitajika mbele ya safari. Nilinuna siku ile; leo namshukuru.

Mapokezi ndiko kwenye kasoro. Bei niliyotajiwa nilidhani ni ya kipandikizi, kumbe ni ya unywele, hivyo kipandikizi chenye nywele 3 kililipiwa mara 3. Nilipohoji nikajibiwa, “Ndivyo tunavyohesabu, kaka.” Atakayekwenda adai hesabu hiyo kwa maandishi kabla ya ganzi.