Old Man Emu kwenye Land Cruiser ya safari: anza na uzito wa gari

Shokapu na springi za Old Man Emu, zinazouzwa na kampuni ya ARB ya Australia, zinastahili bei yake kwenye Land Cruiser 78 na 79 zinazobeba watalii. Lakini duka likikuuzia seti bila kuuliza uzito wa gari, ondoka. Springi hizi hutengenezwa kwa viwango tofauti, na kinachohesabiwa ni mzigo wa kudumu: viti, friji, keria, bampa la chuma, tangi la ziada (lita 90 za dizeli pekee ni kilo 75 hivi). Springi za mzigo mzito kwenye gari tupu hunyanyua nyuma na kurusha abiria. Zilizo nyepesi mno hulala na kuvunjika mapema.

Shokapu za Old Man Emu ziitwazo Nitrocharger zina oili na gesi ya naitrojeni. Kwenye vimatuta mfululizo vya njia ya Ngorongoro kwenda Serengeti oili hupata joto kali. Bila shinikizo la gesi hutoa povu, na shokapu huacha kutuliza springi. Hapo ndipo za bei rahisi hushindwa.

Ufungaji mbaya huharibu vifaa vizuri. Nunua yubolti mpya (boliti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), na nati zake uzikaze kwa kupishana. Boliti za bushi, yaani mipira ya kwenye ncha za springi, zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwenye magurudumu. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi hubaki zimejisokota na huchanika. Kaza yubolti tena baada ya kilomita 500 hivi. Zikilegea, boliti ya katikati ya springi hukatika na ekseli huhama.