Miaka Tisa na Jaguar Mark 2: Uzoefu Wangu wa Kulitunza na Kulitengeneza

Gari langu ni Jaguar Mark 2 la mwaka 1964, lenye injini ya lita 3.4, na kwa miaka tisa nimelitunza hapa Coventry, Uingereza, mji uleule ambako magari haya yaliundwa katika kiwanda cha Browns Lane kuanzia 1959 hadi 1967.

Anayetaka kulinunua ajue kwanza kwamba injini si ya kuogopwa; cha kuogopwa ni bodi. Gari hili halina chasisi ya kujitegemea, kwa hiyo sakafu, vizingiti vya milango na mabati yanayoshika springi za nyuma ndiyo yanayobeba uzito wote, na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huyala kwa ndani huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Mimi nilivutiwa na viti vya ngozi na dashibodi ya mbao ya mjozi, sikulala chini na tochi, na matokeo yake nikatumia majira mawili ya baridi kukata na kuchomelea, hasa pale inaposhikwa fimbo inayozuia ekseli ya nyuma isiyumbe upande. Kazi hiyo ilinigharimu kuliko yote niliyowahi kuifanyia injini.

Injini yenyewe, ile ya XK yenye silinda sita na kemshafti mbili juu (mihimili inayofungua vali), ninaipenda kwa dhati. Inadai subira, zaidi ya yote katika kurekebisha vali. Hakuna skrubu ya kukaza wala kulegeza: nafasi inayotakiwa kati ya kemshafti na tapeti, yaani kikombe cha chuma kinachosukuma vali, injini ikiwa baridi, ni milimita 0.10 kwa vali za kuingiza na 0.15 kwa vali za kutolea moshi, na huipati ila kwa kubadilisha kipande kidogo cha chuma kilicho chini ya kila tapeti. Hupima vali zote 12, huandika, hufungua kemshafti, hubadilisha vipande, hurudisha, kisha hupima tena. Kemshafti ikishatenganishwa na mnyororo wake, isizungushwe ovyo, kwa sababu vali zinaweza kugongana na kupinda.

Lipo jambo jingine ambalo fundi asiyelizoea gari hili hukosea. Jaguar walihesabu silinda za injini hii kutoka nyuma, si kutoka mbele. Gereji moja niliyoiamini ilinirudishia gari likikohoa kupitia kabureta na kukataa kabisa kuwaka, na wakashauri kichwa cha injini kifunguliwe. Nilipochunguza nyumbani nikagundua kuwa walipanga nyaya za plagi wakiichukulia silinda ya mbele kuwa namba moja. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, kwa hiyo kosa hilo hulifanya kila cheche lije mzunguko mzima wa injini nje ya wakati wake. Nilisogeza kila waya nafasi tatu kwenye distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na gari likawaka papo hapo. Tangu siku hiyo kazi ya injini naifanya mwenyewe.

Matunzo mengine ni ya kawaida, mradi yasiahirishwe. Nipeli za grisi ni nyingi na zote zinahitaji kufikiwa. Ndani ya bloku, upande wa nyuma, hujikusanya matope ya kutu yanayozuia maji kupita, na gari linalochemka kwenye foleni mara nyingi linahitaji kusafishwa hapo kabla ya kununuliwa rejeta mpya. Tangu petroli yenye ethanoli asilimia 10 ilipokuwa ya kawaida Uingereza mwaka 2021, nimebadilisha mipira yote ya mafuta, kwa kuwa ethanoli huharibu mipira ya zamani, na najaza ile ya daraja la juu yenye asilimia isiyozidi 5. Vipuri vinapatikana kwa urahisi wa kushangaza kwa gari la umri huu.

Presha ya oili bado inasimama kwenye paundi 40 kwa inchi ya mraba nikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, injini ikiwa moto, na hiyo ndiyo inayotakiwa na kitabu cha gari. Sili ya nyuma ya krankishafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), ambayo ni ya kamba kama ilivyotoka kiwandani, inavuja matone machache kila usiku. Kuibadilisha kunalazimu injini itolewe na krankishafti ishushwe, kwa hiyo nimeweka sinia chini yake, na kazi hiyo nitaifanya siku klachi itakapochoka.