Meli na bustani za michezo katika likizo moja: mpangilio upi unastahili pesa za familia

Safari yetu ya kwanza tuliipanga kinyume. Tulipanda meli Port Canaveral, Florida, tukakaa siku nne baharini, tukashuka tumeshiba na tumepumzika, kisha tukaingia kwenye bustani za michezo za Orlando kwa siku tatu za jua, foleni na kutembea. Siku ya kurudi nyumbani Columbus, kijana wangu wa miaka mitano alilala sakafuni kwenye kiwanja cha ndege, viatu miguuni, na mama yake hakuwa na nguvu za kumwinua. Mwaka uliofuata tuligeuza: bustani kwanza, meli baadaye. Siku zilikuwa zile zile na gharama ilikaribiana, ila safari hii watoto walirudi nyumbani wakiimba.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho, hilo ndilo ninalolisimamia: bustani inachosha, meli inapumzisha, basi anza na kinachochosha. Tena kuna suala la ndege. Ikichelewa ukiwa unaelekea bustanini, umepoteza nusu siku. Ikichelewa ukiwa unaelekea bandarini, umepoteza safari nzima, kwa sababu kampuni nyingi hufunga mapokezi saa moja au saa moja na nusu kabla meli haijang'oa nanga, na hakuna wa kukusubiri. Ukitanguliza bustani, siku ya meli inakukuta tayari uko mjini.

Jambo la pili ninaloliangalia ni kutonunua kitu kimoja mara mbili. Meli za kisasa zina mabwawa, mitelezo ya maji, maonyesho ya jukwaani, na nyingine zina hata rolakosta, yaani gari la reli la kupanda na kushuka kwa kasi. Ukichukua meli ya aina hiyo kwa wiki nzima na bustani za siku tano, mtoto hatakumbuka kipi kilikuwa wapi, nawe utalipa vyote. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hapa unaweza kushika mawili, ila moja liwe dogo.

1. Orlando siku tatu, kisha meli ya usiku tatu au nne kutoka Port Canaveral

Huu ndio mpangilio ninaoupa nafasi ya kwanza, na kwa familia nyingi sioni haja ya kusoma zaidi ya hapa. Kutoka Orlando hadi Port Canaveral ni kama saa moja kwa gari, njia moja ya kulipia, namba 528, inayonyooka mashariki hadi karibu na bahari. Hakuna sehemu nyingine niijuayo ambapo bustani nyingi hivyo na meli nyingi hivyo zimekaribiana kiasi hicho.

Kwa meli, angalia safari fupi za Royal Caribbean. Meli yao Utopia of the Seas ilianza kazi hapo Julai 2024 na imewekwa maalumu kwa safari za usiku tatu za mwisho wa wiki na usiku nne za katikati ya wiki, kwenda Nassau na CocoCay, kisiwa cha kampuni hiyo huko Bahamas. Ufuo wa CocoCay na chakula cha kawaida vimo ndani ya nauli. Bustani ya maji ya kisiwani hulipiwa kando, na bei yake si ndogo. Mimi siinunui. Watoto wametoka bustanini juzi, wape mchanga na bahari.

Carnival nayo iko bandari hiyo hiyo. Mardi Gras, iliyoanza safari mwaka 2021, ndiyo meli ya kwanza iliyowekewa rolakosta juu ya sitaha. Lakini sababu yangu ya kuitaja ni nyingine: kilabu chao cha watoto hupokea kuanzia miaka miwili na wahudumu hubadilisha nepi. Royal Caribbean hupokea kuanzia miaka mitatu, na mtoto awe ameshaacha nepi. Mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu anajua uzito wa tofauti hiyo. Na mtoto wa nepi hata bwawani haruhusiwi kwenye meli nyingi, isipokuwa sehemu ndogo ya maji ya kurukaruka iliyotengwa kwa ajili yao. Mtoto wa chini ya miezi sita hapokelewi melini kabisa.

Kwa bustani, siku tatu zinatosha, na ni hapa unapoamua kwa umri wa watoto wako. Universal ni ya wakubwa. Epic Universe, bustani yao mpya iliyofunguliwa Mei 2025, inastahili siku yake nzima. Bustani yao nyingine, Islands of Adventure, ina rolakosta ya VelociCoaster, ambayo ili kuipanda mtoto lazima afikishe sentimita 130. Pima watoto nyumbani ukutani kabla ya kununua tiketi, wakiwa wamevaa viatu watakavyosafiri navyo. Nimeona mtoto akilia mbele ya kile kijiti cha kupimia baada ya foleni ndefu, na baba yake hana la kumwambia.

Disney World ina bustani nne: Magic Kingdom ya mwaka 1971, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Tiketi ya siku moja, siku za watu wengi, imeshavuka dola 150 kwa mtu, lakini kadiri unavyonunua siku nyingi kwa pamoja ndivyo bei ya kila siku inavyoshuka. Chini ya miaka mitatu ni bure. Mtoto wa miaka kumi anahesabiwa mtu mzima, basi kama binti yako anatimiza kumi mwezi Julai, nenda Juni.

Nikiambiwa nichague siku moja tu ya Disney kwa familia yetu sisi, nitachagua Animal Kingdom. Ndani yake kuna kijiji kizima kiitwacho Harambe, kimejengwa kwa sura ya mji wa pwani ya Afrika Mashariki, na kutoka hapo unapanda gari la wazi la Kilimanjaro Safaris kuangalia twiga, tembo na simba. Hakuna kipimo cha urefu, kwa hiyo bibi na mjukuu wanakaa kiti kimoja. Jirani kuna hoteli ya Animal Kingdom Lodge, yenye majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, na migahawa iitwayo Boma, Jiko na Sanaa. Watoto wetu waliozaliwa huku Marekani wamezoea Kiswahili kuwa lugha ya simu ya Jumapili na nyanya. Kuwaona wakisoma maneno yao ukutani, tena wakiwaeleza watoto wengine maana yake, kulinigusa moyo kuliko mashine yoyote iliyozunguka siku ile. Huna haja ya kulala pale. Nenda tu ukale au ukaangalie wanyama.

2. Disney juu ya Disney

Meli za Disney zilianza Port Canaveral mwaka 1998 na bado ni safi, zimepangwa vizuri, na wahudumu wanajua watoto. Vyumba vingi vina choo na bafu kwa milango tofauti, jambo linaloonekana dogo hadi mko wanne asubuhi. Soda ni bure, na kuna chumba cha kulelea wachanga kuanzia miezi sita, kwa malipo ya saa. Kisiwa chao cha Castaway Cay nakipenda kuliko visiwa vyote vya kampuni.

Kwa nini basi siipi nafasi ya kwanza? Bei. Kwa usiku zile zile mara nyingi utalipa zaidi, wakati mwingine zaidi sana, na unachokilipia ni wahusika wale wale uliowasalimia bustanini. Ninaipendekeza kwa familia moja tu: yenye watoto wa miaka mitatu hadi minane, waliokwisha kuamua moyoni kwamba wanataka kukumbatiana na Mickey. Kwao, chukua meli usiku tatu au nne na Magic Kingdom siku moja. Zile bustani nyingine tatu ziache kwa safari nyingine.

3. Abu Dhabi na meli ya Ghuba

Kwa aliyeko Muscat, Dubai au Doha, na hata kwa anayetoka Dar, Mombasa au Nairobi, hii inaweza kuwa ya kwanza. Kisiwa cha Yas kimekusanya Ferrari World ya mwaka 2010, Yas Waterworld, Warner Bros. World ya 2018 na SeaWorld ya 2023, zote zimekaribiana. Nyingi ziko chini ya paa, na kiyoyozi kinafanya kazi. Ferrari World ina rolakosta ya Formula Rossa, inayokimbia kilomita 240 kwa saa, Warner Bros. World ndiyo ya wadogo. Chakula halali si suala la kuulizia, na hilo peke yake huondolea mama wa familia kazi kubwa.

Meli za Ghuba huondoka Dubai au Abu Dhabi majira ya baridi tu, takriban Novemba hadi Machi, kwa kawaida usiku saba. Ni ndefu kwa mpango wangu, kwa hiyo bustani ziwe siku mbili. Kampuni zimewahi kubadili ratiba kwa sababu ya usalama wa bahari za upande ule, basi nunua tiketi ya ndege inayoweza kubadilishwa na usilipe hoteli isiyorudisha pesa.

4. California

Disneyland ya Anaheim, ile ya kwanza kabisa ya mwaka 1955, iko karibu na bandari za Long Beach na San Pedro. Safari fupi huenda Ensenada, Mexico, na kisiwa cha Catalina. Kama unaishi magharibi mwa Marekani, itakuokolea nauli. Lakini Pasifiki ni baridi, na mtoto aliyeahidiwa kuogelea atakulaumu.

5. Barcelona na PortAventura

Kwa ndugu zetu wa Ulaya. PortAventura iko Salou, kama kilomita mia moja kusini-magharibi ya Barcelona, na tiketi zake ni nafuu kuliko za Florida. Tatizo ni meli: za Mediterania nyingi ni za usiku saba, kila siku bandari mpya, kila siku kutembea juani kuangalia makanisa na magofu. Kwa watu wazima ni raha. Kwa mtoto wa miaka sita ni shule.

Ninachokikataa kabisa ni kuunganisha Orlando na meli ya wiki nzima inayotoka Miami. Ipo treni ya Brightline kutoka kiwanja cha ndege cha Orlando tangu 2023, nzuri, saa tatu na nusu hivi, lakini bado unaburuta mabegi na watoto nusu siku ili kufikia aina ile ile ya meli iliyokuwa saa moja kutoka hotelini kwako.

Gharama zinazojificha

Nauli ya meli si bei ya meli. Bahashishi ya wahudumu huongezwa kila siku kwa kila mtu, watoto wakiwemo, kwa meli za Marekani takriban dola 16 hadi 20 kwa kichwa. Watu watano, usiku nne, dola 18: hiyo ni dola 360 ambazo hazikuonekana kwenye tangazo. Intaneti ni kando, na nje ya Disney soda pia.

Sisi tunaozaa zaidi ya wawili tuna tatizo jingine: vyumba vingi vya meli huishia watu wanne. Mkiwa watano au sita, uliza bei ya vyumba viwili vyenye mlango wa ndani unaoviunganisha kabla hujakubali chumba kimoja kikubwa. Mara nyingi viwili vya ndani visivyo na dirisha huwa nafuu, na vyoo ni viwili.

Huko Florida, mtoto wa miaka mitano kushuka chini lazima awe na kiti chake garini, kwa hiyo ulizia viti unapokodi gari la kwenda bandarini. Msimu wa vimbunga huanza Juni mosi hadi mwisho wa Novemba. Meli haifutwi kirahisi, hugeuzwa tu kwenda bandari nyingine. Anayetaka chakula halali aombe kwa maandishi siku anayoweka nafasi, halafu akumbushe tena kabla ya safari.

Mwisho ni karatasi, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Meli inayotoka Florida kwenda Bahamas imetoka Marekani, na kurudi ni kuingia upya. Asiye raia wala mkazi wa kudumu, kama aliingia kwa viza, anahitaji iwe viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Ghuba ni vivyo hivyo, ukitoka Dubai kwenda Doha na kurudi. Mwenye kadi ya kijani, ile ya ukazi wa kudumu, abebe kadi pamoja na pasipoti, na aulize kama pasipoti yake inadai viza ya kila nchi ambako meli itatia nanga. Masharti ya viza za Marekani kwa pasipoti kadhaa za nchi zetu yamekuwa yakibadilika, basi kama unamwalika shangazi au babu kutoka nyumbani, viza iwe mkononi kwanza. Binamu wa mke wangu alilipia kabini kamili kabla ya kupata yake, na alipokuja kunyimwa, muda wa kudai marejesho ulikuwa umeshapita. Kila kampuni huandika tarehe ya mwisho ya kufuta bila makato. Iandike kwenye simu, weka kengele wiki mbili kabla yake, na siku hiyo hesabu pasipoti zote mezani.