Sahani za mama zilifika Jinja vigae, na msimamizi akaniambia zingine zipo soko la Owino

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza. Juzijuzi tulihama Bukoto, Kampala, tukaenda Jinja, na tulikodi watu wa kuhamisha. Jina lao silitaji, wenyewe wanajijua. Sofa ilifika, vitanda vilifika, friji inagandisha. Hayo yameisha. Ninachozungumzia ni jikoni, maana jikoni ndiko nilikolipia zaidi.

Kwenye risiti yao kuna mstari wake peke yake: kufunga vyombo vya kuvunjika, shilingi 150,000. Hiyo ni juu ya pesa ya gari na ya wabebaji. Mtu akiilipisha kazi kando namna hiyo, anakuambia kwamba anaijua. Nilikubali bila kuvutana bei, kwa sababu kabatini kwangu kulikuwa na sahani za udongo za marehemu mama, zenye ukingo wa bluu, alizokuja nazo kutoka Mwanza alipoolewa huku Uganda. Kila Idi tulilia pilau humo. Sijawahi kuziona dukani popote.

Walikuja asubuhi na kanta, vijana kadhaa na msimamizi wao mwenye kofia. Nilipoyaona maboksi roho ilinidunda. Yalikuwa yale makubwa ya Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, yaliyobeba biskuti na sabuni, mengine chini yameshalegea kwa unyevu. Boksi kubwa ni la mito na nguo. Ukilijaza sahani, halinyanyuliki vizuri, litabwagwa tu, na siku hiyo hiyo litaachia chini. Vyombo vizito vinataka boksi dogo na gumu, selotepu ipite chini kwa msalaba, na karatasi zilizofinyangwa zitandazwe kwanza kabla hujaweka hata kijiko.

Msimamizi alizishika sahani za mama mwenyewe. Alikuwa anazilaza, moja juu ya nyingine, hapa ukurasa mmoja wa gazeti la Bukedde, pale hakuna kitu. Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Kaka, hizo naomba tuzisimamishe kwa ukingo, kila moja na karatasi yake." Nikamweleza na sababu. Sahani zikilazwa, ya chini inabeba uzito wa zote, na gari likiruka tuta uzito huo wote unaishukia katikati, mahali palipo bapa. Zikisimama, kila moja inajibeba yenyewe.

Hata hakugeuka. Alisema, "Nyabo, sahani ni sahani. Zikivunjika, zingine zipo Owino."

Vijana wakacheka.

Nimelala na maneno hayo na nimeamka nayo. Soko la Owino nalijua, masufuria yangu mengi yametoka huko, na sina neno na wauzaji wake. Lakini mtu anasimama jikoni kwangu, ameshika mkononi sahani ya mama yangu aliyelala kaburini, ananiambia nikanunue nyingine sokoni, na pesa ya kuitunza sahani hiyo hiyo iko mfukoni mwake! Angekuwa hajui kazi, ningenyamaza nimwelekeze, kwani nani alizaliwa anajua? Huyu aliambiwa. Alisikia vizuri, akaona anayemwambia ni mama tu wa nyumbani, hajui lolote kuhusu magari na mizigo. Mimi ndiye ninayeviosha vyombo hivyo kila siku. Ninajua kipi kina ufa wa unywele na kipi kimelegea mkono. Yeye amevijua tangu saa mbili asubuhi.

Haki ya mtu hailiwi, kwa hiyo niseme habari ya kijana mmoja, mdogo kuliko wenzake wote. Hakucheka. Wenziwe walipotoka na meza, alinijia kwa sauti ya chini, "Mama, glasi niachie mimi." Alitafuta boksi dogo, akakata vipande vya katoni akavipachika humo hadi kila glasi ikawa na chumba chake. Kila moja aliijaza karatasi ndani kwanza, kisha akaizungushia gazeti kuanzia pembeni, akikunja ncha kuelekea ndani. Jagi la kioo la blenda alilitoa kwenye mota yake, akalifunga peke yake. Karatasi zilipomwishia alienda uani kwa jirani akaomba majani makavu ya mgomba, akayasokota akaziba kila pengo. Halafu akaliinua boksi kidogo, akalitikisa, akatega sikio. "Boksi likilia, mama, bado." Akaongeza majani. Akatikisa tena mpaka likanyamaza.

Boksi hilo lilifika na kila glasi nzima. Wino wa gazeti tu ndio uliokuwa umeshika kwenye kioo, na huo ulitoka kwa maji na sabuni. Kwa boksi hilo peke yake ningewasifu mbele ya watu wote.

Njiani tulikuwa nyuma yao kwa gari la shemeji. Foleni ya Bweyogerere, Mukono, kisha dereva akasimama Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma. Sina ugomvi na kuku, watu wana njaa. Ila kuanzia hapo alikimbia kufidia muda. Lugazi aliyapita malori ya miwa kwa fujo, na kila penye matuta niliiona bodi ya kanta inanyanyuka na kujibwaga. Ndani ya msitu wa Mabira sikuangalia tena mbele. Tulipovuka daraja jipya la Nile, lile lililofunguliwa mwaka 2018, kila mtu garini alikuwa anaangalia mto, mimi nilikuwa nahesabu matuta yaliyobaki.

Boksi la sahani lililia tangu likiwa juu ya gari. Lilipoguswa ili lishushwe, likaachia chini, vigae vikamwagika kwenye kokoto za uani. Zilizopona ni chache za juu. Za chini zilikuwa zimepasuka katikati, vile vile nilivyomwambia. Chupa ya chai, ambayo aliilaza chini ya masufuria, kwa nje haina hata mkwaruzo. Ukiitikisa unasikia kioo cha ndani kimekuwa mchanga. Na hili wengi hawaliangalii: chupa ikilia hivyo usiitilie chai hata kidogo, vipande vile vitaingia kikombeni kwa mtoto.

Mwenye kofia alitazama chini, akasema, "Pole, nyabo, barabara mbaya." Barabara! Glasi za yule kijana zilipita barabara gani?

Nilipopiga simu ofisini, dada mmoja aliniambia kwa upole kwamba bima ya gari haihusu vyombo. Najua. Bima ya lazima ya barabarani ni ya watu wanaoumizwa, haijawahi kulipa bakuli la mtu. Lakini mimi sikuomba bima. Niliomba ile 150,000 ya kazi ambayo haikufanyika. Akasema ataniunganisha na msimamizi. Msimamizi yupi? Yule yule.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota moja. Nikimkumbuka kijana wa majani ya mgomba mkono unaenda kwenye tatu, na bei yao ya gari kusema kweli ni nafuu kuliko wengine niliowauliza. Ukitaka kuhamisha sofa na vitanda, wachukue, sitakuzuia. Jikoni wafungie mlango, ufunge vyako mwenyewe siku mbili kabla, au udai kwa jina yule mdogo wao.

Lakini kijana yule hana sauti pale. Anaamrishwa na mwenye kofia, na kesho ataambiwa aache kupoteza muda na katoni, apange haraka, gari linasubiri. Basi hiyo tatu nairudisha. Hata ile moja nairudisha.

Shemeji anasema niwaachie pesa, nidai kuombwa radhi tu, yule mtu anipigie aseme amekosa. Jana nilikubaliana naye. Leo nimeisoma tena risiti, ule mstari wake peke yake, na nimebadilisha nia. Nataka anipigie, na nataka na 150,000 yangu.