Uzoefu wangu: pampu ya mkono ya kubonyeza kwenye Unimog inayozimazima (nyota 4 kati ya 5)

Nimeifunga kwenye Unimog U1300L, lori la zamani la jeshi la Ujerumani lenye injini ya OM352, silinda sita, lita 5.7. Injini hii haihitaji umeme ikishawaka, kwa hiyo ikizima yenyewe usianze na fundi wa umeme. Ama inakosa dizeli, ama inakunywa upepo.

Pampu yenyewe ni kidude kidogo kinachokaa juu ya pampu ya kuvuta dizeli, ubavuni mwa pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenda kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda. Ile ya zamani ina kifundo cha plastiki unachokifungua kwa kuzungusha ndipo upampu. Mpira wake wa ndani ukichakaa, au ukisahau kukikaza tena, upepo unapita hapo hapo. Hii mpya unabonyeza tu, springi inairudisha. Nyuzi ni M16 (kipenyo cha milimita 16), zilezile. Weka washa mpya (ile pete ya kuziba) na ukaze kwa kiasi, maana nyuzi za kule chini zikiharibika umenunua pampu nzima ya kuvuta.

Wengi hupoteza siku nzima wakitafuta mahali panapovuja. Kutoka tenki hadi pampu ya kuvuta, dizeli inafyonzwa. Bomba likiwa na ufa upande huo halivuji, linavuta upepo, na nje unakuta pakavu kabisa. Dalili yake: inawaka vizuri, dakika mbili tatu sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, kisha inazima. Ukipampu kwa mkono inawaka tena. Ikiwa sailensa imetulia ila inakosa nguvu mlimani na kuzima ikiwa na mzigo, hapo fikiria filta au uchafu tenkini.

Kabla ya kununua, pima. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ya kuvuta, na kingine baada yake, kwa klipu nzuri. Mapovu yakionekana kote kuwili, tatizo liko nyuma, kwenye bomba au tenki. Kipande cha kwanza kikiwa safi na cha pili kina mapovu, upepo unaingia kwenye pampu yenyewe: pampu ya mkono, au gasketi ya kikombe cha chujio kilicho chini yake. Hapo ndipo bidhaa hii inafaa. Mipira hiyo iondoe baada ya kupima, dizeli inaifanya migumu na inapasuka.

Jaribio la dumu, yaani kuilisha injini dizeli ya dumu badala ya tenki, nalo ni zuri, lakini dumu liweke chini, si juu ya bodi. Likiwa juu dizeli inashuka yenyewe na kuficha kosa. Mrija wa marejesho uingize humo humo, la sivyo lita 20 zinahamia tenkini. Inazima ukitumia tenki, haizimi ukitumia dumu? Legeza kifuniko cha tenki kwanza. Tundu la kupumulia likiziba, tenki linanyonywa mpaka dizeli inakataa kuja.

Nilichopenda zaidi ni jinsi kidole kinavyopata habari. Ukibonyeza ikawa ngumu mara moja, filta imeziba. Ikirudi polepole, upande wa tenki umebanwa. Ikiwa laini bila ukinzani wowote, kuna upepo au vali ndogo za pampu ya kuvuta zimeshikwa na taka.

Kutoa upepo: legeza skrubu juu ya filta, bonyeza mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza ingali inatoka. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli. Ikigoma kuwaka, legeza nati za mabomba kwenye nozeli kwa spana ya 17, nusu mzunguko, piga stata mpaka zilowe, kaza. Usiweke mkono mbele ya dizeli inayoruka, inapenya ngozi.

Nyota moja nimeikata kwa sababu boksi halina washa hata moja, na kwa kuwa feki ni nyingi. Ya feki utaijua kwa kuibonyeza ikiwa kavu, kisha uzibe tundu lake la chini kwa kidole ndipo uachie: ikirudi haraka kama kalamu ya kubonyeza, mpira wa ndani haubani. Iache dukani.